Aliyempa huyu jamaa nafasi ya Javert ajitokeze, tuna maongezi

Kinanda_cha_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimezima TV sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Anayetaka kunituliza asubiri kesho.

Les Misérables. Muvi ya kuimba ya 2012, iliyotolewa kwenye mchezo wa steji. Miaka yote nimeikwepa, watu wenye masikio walinionya. Leo wanangu wameiweka, nikasema haya, tuangalie. Nimekoma.

Ninayemsema mnamjua, Russell Crowe. Yule mzoefu wa mapanga na viwanja vya Warumi. Kwenye upanga simgusi, heshima yake. Lakini Javert, yule polisi anayemwinda mfungwa Valjean, ANAIMBA. Toka dakika ya kwanza mpaka anajitupa mtoni, kazi yake ni kuimba! Jamaa anaimba kama mjumbe wa nyumba kumi anasoma majina ya waliokwepa mchango. Ule wimbo anaoapa mbele ya nyota wamempandisha ukingoni mwa paa, anatembea taratibu kama anatafuta ufunguo ulioanguka. Mke wangu akauliza, "Huyu anaumwa?"

Halafu akajitupa. Ule mlio, jamani. MLIO.

Nimeishi London miaka mitatu, nafanya usafi maofisini usiku. Huu mchezo nimeuona mara sita pale Shaftesbury Avenue, siti za juu kabisa, magoti yanagusa kidevu. Kwenye steji niliyoiona mimi, Javert anapanda daraja, anaimba mpaka mishipa ya shingo inasimama, halafu daraja linanyanyuka kwenda juu, yeye anabaki chini anapunga mikono hewani, sakafu inazunguka, ile noti ya mwisho anaivuta mpaka taa zinammeza. Maji hakuna. Jiwe hakuna. Unakaa pale umeshika koti la jirani usiyemjua.

Kwenye muvi? KWACHA! Kama muwa umevunjwa gotini. Uti wa mgongo wa Javert, mtu niliyemlilia mara sita, umefanywa muwa! Mwanangu wa mwisho akacheka. Miaka tisa, akacheka! Ningemlaumu vipi?

Na kinachoniuma zaidi, waimbaji walikuwepo. Colm Wilkinson, Valjean wa kwanza wa London, 1985, wamemvika uaskofu wakampa dakika chache tu, na ndani ya hizo dakika chache unasikia nyumba yote imenyamaza. Wamekaa naye seti moja, wamemsikia, halafu wakaenda kurekodi muwa.

Siongezi neno. KWACHA.

---

Mla_Mihogo: Gazeti zima kwa ajili ya polisi aliyejitupa mwenyewe. Natandika mkeka.

Dada_Zipu: Hiyo muvi ina Oscar 3, mojawapo ya uchanganyaji wa sauti. Wewe una ngapi?

Kinanda_cha_Usiku: Ya SAUTI! Basi walisikia muwa wakapiga makofi.

Fundi_Redio: Mkuu, uwe na haki kidogo. Waliimba papo hapo mbele ya kamera, kinanda wanakisikia kwenye vifaa vya masikioni. Ndiyo maana yule dada aliyenyolewa nywele, Anne Hathaway, alimliza kila mtu, akapewa na Oscar. Kuimba hivyo si rahisi.

Kinanda_cha_Usiku: Dada namvulia kofia, sikumgusa. Lakini papo hapo isiwe kisingizio. Pale London wanaimba papo hapo mara 8 kwa wiki, na wenye mafua wakiwemo! Na ule mlio nao uliimbwa papo hapo?

Mla_Mihogo: Muwa wa Turiani au wa Kilombero?

Shangazi_wa_Mikocheni: Wewe unalia na mlio mmoja, mimi nililipia tiketi ya wale PAKA, muvi ya Cats ya 2019. Mwongozaji ni huyohuyo wako. Manyoya ya kompyuta, vidole vya binadamu. Muvi imeshaingia kumbi za sinema ndipo wanatuma kopi nyingine iliyorekebishwa! Fundi cherehani gani anakufuata ukumbini harusi ikiendelea aje ashone zipu? Mpaka leo paka wa jirani akinitazama nageuza uso.

Dada_Zipu: Mniache na jina langu.

Msondo_Original: Nyote mnalilia vya wenzenu. Sarafina je? Mchezo umezaliwa Johannesburg 1987, umefika mpaka Broadway, kumbi kubwa za New York, halafu muvi ya 1992 mwalimu wa historia wakaenda kumtafuta Marekani. Soweto nzima ilikosa mwalimu?

Mama_Tunu: WEWE. Sarafina usiiguse. Shuleni kwetu tuliiona kwenye TV moja, wanafunzi mia mbili, tukalia mpaka matroni akalia. Huyo mwalimu alipochukuliwa na polisi ulikuwa wapi?

Msondo_Original: Nilikuwa nauliza kwa nini si Msauzi.

Kinanda_cha_Usiku: Sarafina angalau walimbakiza Leleti Khumalo, wa steji na wa muvi ni mtu mmoja. Hicho ndicho nilichokuwa nataka! Mtu wa steji apewe kazi ya steji! Sasa turudi kwenye ule mlio...

Mama_Tunu: Subiri kwanza, namalizana na huyu Msondo.

Kanda_ya_Zamani: Mimi hiyo ya Wafaransa niliiona iliyotafsiriwa na DJ. Kila wimbo ukianza anaongea juu yake. Alisema polisi na mfungwa ni ndugu wa baba mmoja, wanagombea shamba. Polisi alipojitupa akasema, "Ameona aibu, shamba limeenda."

Fundi_Redio: DJ wa siku hizi hawana adabu. Zamani DJ alikuwa anaiangalia muvi yote kwanza ndipo anatafsiri.

Shangazi_wa_Mikocheni: Na wanaweka matangazo ya duka lao katikati ya kilio! Mtu anakufa, unasikia "tupo stendi mkabala na mashine ya kusaga."

Msondo_Original: Hapo nakuunga mkono. Mama Tunu, hili tunakubaliana?

Mama_Tunu: Hili ndiyo. Lile la mwalimu bado.

Kinanda_cha_Usiku: Jamani, uzi ni wa Javert.

Mla_Mihogo: Kanda ya Zamani, hiyo CD ya shamba bado unayo? Nipo Ubungo, nakuja kuichukua.