Yule wa asubuhi amebonyeza kicheko tena, na leo amekibonyeza JUU YA JIBU

Mvuja Jasho (mleta uzi)
Wakuu, simtaji. Wote mnamjua, yule mtangazaji wa redio wa saa moja mpaka saa nne asubuhi, anayecheka kabla hajasema kinachochekesha.

Leo kaleta mgeni, mbunge wa zamani anayerudi kuomba kura. Msikilizaji mmoja akapiga simu, mtu wa adabu zake, redio kaizima kabisa, hakuna mwangwi, hakuna "haloo haloo mnanipata". Swali moja tu: "Mheshimiwa, bajeti ya 2021/22, ile iliyotuletea tozo za miamala ya simu, wewe ulisema ndiyo au hapana?" Kimya. Unamsikia mgeni anavuta pumzi. "Mimi siku ile nilise..."

KHA KHA KHA KHAAAA!

Kile kicheko cha mashine. Si kabla ya neno, si baada ya neno. JUU YA NENO. Likafuata jingo la stesheni, likafuata tangazo la magodoro, na tuliporudi anamuuliza, "Mheshimiwa, wewe Simba au Yanga?"

Nilise NINI? Nilisema ndiyo? Nilisema hapana? Nilisemewa? Nchi nzima imekaa na "nilise" mdomoni mpaka saa hizi, maandazi yanaungua kwa mama ntilie wanasubiri silabi ya mwisho.

Na jibu lenyewe wala si siri. Kura ya bajeti haipigwi kwa "wanaoafiki waseme ndiyoooo". Mbunge anaitwa kwa jina, mmoja mmoja, anajibu, na inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Tozo zilianza tarehe 15 Julai 2021, shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, Septemba wakapunguza asilimia 30 baada ya kelele za wananchi. Prodyuza aliyeamka vizuri anakuwa na kikaratasi mezani: jina, tarehe, kura. Mgeni akikwepa, unamsomea. Sisi tunapewa KHA KHA KHA.

Mengine yote nimeyasamehe. Wimbo una intro ya sekunde 15, yeye anaongea mpaka ubeti wa kwanza unaisha. Magazeti anasoma vichwa vya habari tu. Filamu ikitoka Ijumaa, Jumatatu ameshatuambia nani kafa. Nimesamehe. Lakini kicheko juu ya neno, hapana.

Kiberenge
Povu ruksa mkuu, ila futa kioo kwanza tusome.

Pilipili Kichaa
Unamchukia hivyo na kila asubuhi upo naye kuanzia jingo la kwanza. Redio ina kitufe cha kuzima, kipo palepale pa kuwashia.

Fundi Antena
Twende kitaalamu. Mgeni hakukatwa, maiki yake ilikuwa wazi muda wote. Studio za FM zina kompresa mwishoni, kabla sauti haijaenda kwenye mtambo wa kurushia. Inabana vilivyo juu na kupandisha vilivyo chini ili vyote vilingane. Sasa vicheko vile vimerekodiwa vikiwa vimejaa mpaka juu, na yeye fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, hashushi, anabonyeza tu. Kicheko kikipiga, kompresa inabana mchanganyiko mzima, sauti ya mgeni inazama humohumo na inachukua muda kuibuka. Dawa yake ni kuweka fada ya madoido desibeli 10 hivi chini ya sauti za watu. Sikiliza marudio kwa hedifoni, chini ya KHA ya pili kuna "ma".

Mvuja Jasho
Kumbe "MA" ipo?! Nilise-ma NINI?

Fundi Antena
Hapo ndipo godoro likaingia.

Kiberenge
Kompresa ya chama hiyo.

Shangazi wa Sinza
Afadhali kicheko jamani. Yule wa jioni, simtaji na mimi, maiki ameimeza. Kila P na kila B ni mlipuko. Maiki unaiacha shubiri moja toka mdomoni, na unaisemesha kwa ubavu kidogo ili pumzi ipite pembeni. Halafu geini, ile nguvu ya sauti inapoingia toka kwenye maiki, wameifungulia mpaka sauti inapasuka, fundi anashusha fada anadhani ametibu! Sauti ikishapasukia kwenye geini imepasuka, ukishusha fada unapata mpasuko uleule kwa sauti ya chini.

Fundi Antena
Shangazi ana cheti huyu.

Msafiri wa Thika Road
Nyinyi Watanzania mnalia na bado mnaletewa mheshimiwa studioni. Huku Nairobi asubuhi ndani ya matatu ni nani kafumania nani, dereva ameweka sauti mpaka mwisho, na kando yako ameketi mama mkwe. Siasa inapewa nusu dakika kati ya trafiki na hali ya hewa.

Pilipili Kichaa
Mama mkwe ndiye aliyepiga simu.

Ngosha Mtulivu
Mleta uzi, la filamu umelipita haraka sana. Ile ya Ijumaa kila kitu kimefichwa mpaka dakika kumi za mwisho, ukishaambiwa huna cha kutazama. Mimi nilizima redio alipoanza tu "sasa yule kaka...", nimepona. Hilo ni kosa kubwa kuliko la mbunge. Mbunge mwisho wake tunaujua.

Mvuja Jasho
Usihamishe goli. NILISE.

Kiberenge
Mkuu kanywe maji.

Bibi Mtata
Mnalalamikia mwisho wa filamu, watafsiri wanaozisemea kwa Kiswahili mnawaacha? Filamu ya vita vya huko China, mtu anamwambia adui yake "nitakufuata mpaka Manzese". Muhusika kafunga mdomo zamani, mtafsiri bado anaendelea kumsemea.

Shangazi wa Sinza
Hapo kwa watafsiri usiguse, bibi. Manzese ndiyo utamu wenyewe. Mtafsiri anayejua kazi anashusha sauti ya filamu akiongea na kuipandisha wakianza kupigana. Asiyejua anaiacha chini mwanzo mwisho, watu wanavunjana mbavu kimyakimya.

Pilipili Kichaa
Na anayekohoa katikati ya mazishi ya shujaa, halafu hafuti.

Mdogo wa Mwisho
Samahani wakuu, niko nje ya mada kidogo. Movie ya kibandani, TV inaonyesha picha lakini sauti hakuna. Nyingine inagoma kuingia kwenye flashi, inasema faili ni kubwa wakati flashi ni GB 32 na ni tupu. Nimeibiwa?

Mvuja Jasho
Fungua uzi wako.

Fundi Antena
Hujaibiwa, ni matatizo mawili. Flashi yako ipo kwenye FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, hiyo haipokei faili la GB 4 kwenda juu hata kama nafasi ipo. Iformati iwe mpangilio wa exFAT, ikigomewa na TV jaribu NTFS, maana TV za zamani nyingi hazisomi exFAT. Kuformati kunafuta kila kitu, kwa hiyo picha za harusi hamisha kwanza. Sauti kutotoka, kwa kawaida faili lina sauti ya aina ya DTS na TV nyingi haziisomi. Mwambie kijana wa kibandani abadilishe sauti peke yake iwe aina ya AAC, picha asiiguse, ni kazi ya dakika chache. Ikija kinyume chake, sauti ipo na picha hakuna, hiyo mara nyingi ni picha iliyobanwa kwa mfumo wa H.265. Omba ya H.264, ila jiandae, inakula nafasi zaidi.

Shangazi wa Sinza
Na akikuambia tatizo ni TV, mwambie aichomeke kwenye ya kwake kwanza ndiyo umlipe.

Mvuja Jasho
Kwa hiyo mbunge basi?

Kiberenge
Mbunge yupi?

Mdogo wa Mwisho
Asante sana fundi, nampelekea kesho. Ni hiyohiyo ya Ijumaa ambayo kumbe kaka mtu ndiye muuaji, inasumbua sauti tu, picha iko safi.

Ngosha Mtulivu
Mods fungeni huu uzi.