Maswali ya "leo katika historia": swali gani lilizua ubishi mtaani kwenu? Tupeane uzoefu

Mchuuzi wa Chikongola: Wakuu habari za jioni. Hapa kijiweni kwetu Mtwara, kahawa ikishamiminwa lazima mtu atupe swali, tarehe kama ya leo kulitokea nini, ukipatia kashata juu ya aliyeuliza. 9 Desemba na 26 Aprili tumezipiga marufuku, hizo hata mtoto wa chekechea anazo. Sasa siku moja ikaangukia 15 Aprili, jamaa akawahi Titanic, ilizama 1912, mwingine akadakia Lincoln, kapigwa risasi usiku wa tarehe 14 akafa asubuhi yake, 1865. Wanatunishiana misuli pale, mzee muuza samaki akauliza taratibu, na kimbunga cha Lindi je? Watu kimya. Kumbe 15 Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi, na miaka 80 nyuma, tarehe ileile 1872, kingine kilikuwa kimeipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kibao. Titanic tunaijua mpaka nahodha, cha kwetu hatukijui asee. Nyie kwenu lipi?

Mama Korosho: Cha kwenu nyie vijana. Kwetu Lindi bibi hakuwa na habari ya "mwaka 52", kwake ulikuwa mwaka wa kimbunga basi. Siku tunamjazia baba mkubwa fomu ya kitambulisho wakauliza tarehe ya kuzaliwa, bibi anajibu "kimbunga kimemkuta anatambaa", afisa kashika kalamu anatuangalia tu, ikabidi tuanze kupiga hesabu kurudi nyuma tukaangukia 1951. Na 2019 kimbunga Kenneth kilipotangazwa, wengine mnapiga picha mawingu, bibi kashafunga mzigo wake yuko mlangoni. Kikaja kutua Msumbiji tarehe 25 Aprili, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka.

Dogo wa Shangani: Mi ni 5 Februari. Bosi dukani kauliza nikasema kuzaliwa CCM, 1977, yeye anang'ang'ania Azimio la Arusha, 1967. Tumebishana mpaka mteja karudisha tochi kaondoka zake. Zote sahihi bana 😂 na CCM hawakuiokota hiyo tarehe njiani, TANU na ASP waliungana siku ya kumbukumbu ya Azimio makusudi kabisa.

Mwana wa Masoko: Natembeza wageni Kilwa Kisiwani, swali langu ni 24 Julai, nalitupa tukiwa bado kwenye boti maana wakishashuka akili yote inahamia kwenye kamera. Wazungu wanasema Apollo 11 ilirudi duniani, 1969, sawa, nawapa. Alafu nawaonyesha ufukwe, nawaambia siku hiyo 1505 Almeida na Wareno wake waliuvamia mji huu wakaupora, wakajenga ngome, na 1512 wakaondoka, hapo ndo wanaanza kusikiliza vizuri. Ila kuna kundi la wanafunzi toka Masasi lilinivurugia kila kitu, nimeuliza tu, wakajibu kwa pamoja "Mkapa!" Ni kweli, Rais mstaafu Mkapa alifariki siku hiyo, 2020, sina ubishi. Sa nataka kuendelea na Wareno, wao wameshaanza kunielekeza mimi njia ya kwenda Lupaso, kijijini kwa Mkapa.

Jirani wa Ndanda: Kwa Mkapa utatuonea bure mkuu, hata ungeuliza tarehe ya Almeida kuzaliwa tungekujibu Mkapa 😂