Kaka kafariki kaacha hadithi za kutisha hazijaisha. Nimalizie au niache?

Mdogo_Mtu: Wakuu, heshima kwenu. Kaka yangu alifariki mwaka jana. Alikuwa anaandika hadithi za kutisha, kila Ijumaa usiku anarusha sehemu moja kwenye magrupu ya WhatsApp. Ya mwisho, ya kisima cha shamba la mkonge, iliishia sehemu ya 14: binti anashusha ndoo, kamba inavutwa kutoka chini. Basi. Hadi leo watu wananipigia, "15 lini?"

Ninayo madaftari yake matatu. Kuna hadithi ambazo ni mstari mmoja tu: "Muuza mkaa, kivuli chake hutangulia asubuhi na jioni." Shemeji anataka nimalizie tuuze kitabu, ada za watoto zimembana. Nimeshaandika ya 15 na ya 16. Jalada liwe na jina lake, langu, au yote?

kalamu_ya_mkaa: Pole sana mkuu. Yalishatokea kwa Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha, Mmarekani wa Providence aliyefariki Machi 1937, miaka 46, hana kitu. August Derleth, rafiki wa barua tu, hawakuwahi kuonana, akaanzisha Arkham House mwaka 1939 na Donald Wandrei ili kazi za marehemu zisipotelee kwenye magazeti ya bei chee. Hapo tumpe heshima yake. Kisha akaanza "kumalizia". Mwaka 1945 akatoa The Lurker at the Threshold, maneno kama 50,000, na ya marehemu ni kama 1,200 tu. Marehemu katoa chumvi, mwenzake kapika sufuria zima, halafu jina la marehemu ndilo likatangulia.

Bi_Mchaichai: Mimi jina halinikeri kama alichofanya Derleth ndani. Kwa Lovecraft kinachotisha ni kwamba ulimwengu hautujali, hautupendi wala hautuchukii. Derleth akaleta miungu wema dhidi ya waovu, akawagawa kwa maji, moto, upepo na udongo. Hofu ikageuka mechi. Mdogo_Mtu, sema kweli: kwenye ya 15 umetaja kilichovuta kamba?

Mdogo_Mtu: Nimetaja, dada. Mwanamke aliyezama zamani, analipiza kisasi.

Bi_Mchaichai: Futa. Mwaka 1995 watu Zanzibar walilala nje kwa makundi wakimhofia Popobawa. Kuna aliyewaeleza kisa chake kwanza?

mla_ugali: Nyie jadilini, mimi nasubiri 15.

wakili_wa_mtaa: Jina ni la baadaye. Kwa sheria yetu ya Tanzania Bara ya 1999, hakimiliki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, na inaingia kwenye mirathi kama nyumba. Kwa hiyo usiende kwa mchapishaji kabla ya kukaa na msimamizi wa mirathi, mkaandikiana nani anapata nini. Shemeji kukubali kwa mdomo leo hakutoshi. Kitabu kikiuza, mdomo husahau. Hata huyo Lovecraft alimwachia maandishi kijana Robert Barlow, lakini Derleth na Wandrei wakamsukuma pembeni.

kalamu_ya_mkaa: Nyongeza: chapeni zote 14 kama alivyoziacha, hata makosa ya herufi. Halafu ukurasa mtupu. Kuanzia hapo jina lako. Na zile hadithi za mstari mmoja msiziguse, zichapeni hivyohivyo. Ya muuza mkaa imenitosha, jana nilimkwepa wa mtaani kwetu.

Mdogo_Mtu: Asanteni. Mwanamke wa kisimani nimemfuta, Jumapili nakaa na shemeji na baba mdogo ambaye ndiye msimamizi. Ila nimefungua tena daftari la tatu. Chini ya ile ya 14 kaandika kwa penseli: "Aachie kamba?" Kaikata, kaandika tena, kaikata tena.

Bi_Mchaichai: Kumbe na yeye alikwama hapohapo. Ukurasa huo upigwe picha, uingie kitabuni.

mla_ugali: Sasa kaachia au hakuachia?