Kompyuta ndogo ya mezani kwa matumizi ya nyumbani: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Mwalimu_Kihonda

Wakuu, heshima kwenu.

Laptopu yetu ya nyumbani imefika mwisho. Bawaba zimevunjika, betri haishiki hata dakika tano, na wiki iliyopita mdogo wetu alijikwaa kwenye waya wa chaji, ikazimika nikiwa naingiza alama za kidato cha pili. Nilikuwa nimefika mwanafunzi wa 61. Nikaanza upya usiku ule ule, maana asubuhi zilikuwa zinatakiwa.

Mimi na baba watoto tumekubaliana safari hii tununue kompyuta ya mezani, ikae sebuleni, kila mtu aifuate ilipo. Ila lile boksi kubwa hatuliwezi. Nyumba ni ya kupanga, na meza yenyewe ndiyo hiyo hiyo ya cherehani. Nimeona kuna hizi ndogo, unene wake kama kamusi, hata nyuma ya skrini zinafungwa.

Kazi zake: Excel ya alama na ripoti, kuchapa mitihani, binti yuko kidato cha nne anafuatilia masomo ya video, mimi naandika hesabu za nguo ninazoshona, na jioni wadogo wanaangalia katuni. Magemu hakuna.

Jumamosi nilishuka Dar kutoka huku Morogoro, nikazunguka Kariakoo mpaka miguu ikavimba. Nimerudi na bei tatu. Dell OptiPlex 3050 Micro, prosesa i5-7500T, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, diski ya kawaida ya 500GB, shilingi 320,000. Lenovo ThinkCentre M720q, i5-8400T, RAM 8GB, SSD (diski ya kasi isiyozunguka) 256GB, shilingi 430,000. Ya tatu ni mpya kwenye boksi lake, jina lake sijawahi kulisikia, prosesa Intel N100, RAM 16GB, SSD 512GB, shilingi 480,000.

Muuzaji wa hiyo ya kwanza aliniambia ndiyo yenye kasi kuliko ya pili, maana imeandikwa 2.70GHz na ile nyingine 1.70GHz. "Mwalimu, hesabu ya darasa la tatu hiyo." Sikuwa na la kumjibu. Bajeti yote ni 650,000 na sina skrini, ila kuna TV ya inchi 32. Naombeni ushauri wenu, hela hii tumeidunduliza.

Chuma_Mbeya

Dada, kwa umeme wetu huu ningekuwa mimi ningechukua laptopu nyingine iliyotumika. Umeme ukikatika unaendelea na betri. Hizo za mezani zikizimika zimezimika.

Fundi_Ilala

Mwalimu, nakuomba hiyo ya kwanza uiache. Natengeneza kompyuta hapa Ilala mwaka wa 14 sasa, na hizi ndogo za maofisini zinaingia mezani kwangu kila wiki. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Tuanze na 2.7 na 1.7. Namba hizo ni mwendo wa msingi wa prosesa. Ikihitajika kukimbia, 7500T inafika 3.3 na 8400T nayo inafika 3.3 ile ile. Tofauti ni kwamba ya kwanza ina kori 4, yaani viini vya kazi ndani ya prosesa, na ya pili ina kori 6, na zote zimepangiwa wati 35. Binti akiwa na video, wewe una Excel na kurasa kumi za intaneti ziko wazi nyuma yake, hizo kori mbili za ziada utaziona.

Sasa jambo ambalo muuzaji hakukugusia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Kizazi cha hizi mbili unakisoma hapo hapo kwenye jina: tarakimu ya kwanza baada ya i5. 7500T ni cha 7, 8400T ni cha 8. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimejaa madukani na wauzaji wana haraka nazo. Kuilazimisha Windows 11 iingie humo inawezekana, na mimi najua kufanya hivyo, lakini simfanyii mtu anayetunza alama za watoto wa watu. Sasisho kubwa likija linaweza kugoma, na siku hiyo utakuwa Morogoro na mimi niko Ilala.

Halafu kuna hiyo diski ya 500GB ya kuzunguka. Kompyuta yenye diski hiyo utaiwasha, utachemsha chai, utarudi bado inajikusanya. Itabidi ununue SSD, na ukishaongeza hela hiyo unakuta ile 110,000 uliyodhani umeokoa imeliwa karibu nusu.

Kuna kisa kimoja nikueleze, kwa sababu kinahusu Dell hizi hizi. Mama mmoja aliniletea 3050 Micro, ana miezi miwili nayo, ameshapeleka kwa mafundi wawili. Mmoja kamwambia ni virusi, kaweka Windows upya. Wa pili kamuongezea RAM. Ikabaki vile vile: ukibonyeza herufi, unahesabu moja, mbili, ndipo inatokea kwenye skrini. Nikafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha mashine inavyofanya kazi, upande wa Performance, nikaona kasi imeganda kwenye 0.79GHz. Haipandi hata nikifungua video tatu. Nikaizima na kuiwasha huku nimekodoa macho, likapita tangazo kwamba aina ya adapta haikutambulika. Nikachomoa adapta. Ndani ya tundu la kichwa cha Dell kuna kipini chembamba kama sindano, hicho ndicho kinachoiambia kompyuta "mimi ni adapta ya wati 65". Kile kilikuwa kimepinda na kulalia ukutani. Kompyuta isipopata jibu inajibana yenyewe, inatembea kwa mwendo wa konokono ili isiunguze kitu. Nikachomeka adapta halisi ya kwangu, kasi ikapanda mpaka 3.2 mbele ya macho yake. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza zile hela za RAM nani atamrudishia.

Kwa hiyo yeyote anayenunua Dell ndogo, adapta ndiyo ya kukagua kwanza, kabla hata ya kugusa kompyuta.

Ushauri wangu kwako ni M720q. Nati moja nyuma, kifuniko kinateleza, ndani unaona kila kitu. RAM yake ni ya laptopu, DDR4, ina nafasi mbili. Waombe wakupe 8GB ya kipande kimoja. Wakikuwekea vipande viwili vya 4GB, siku ukitaka kuongeza itabidi uvitoe vyote. Adapta yake ina kichwa cha mstatili kama cha laptopu za ThinkPad, na hizo Morogoro hutazikosa.

Ukiwa dukani usione aibu, kaa chini uikague. Iwashe huku unabonyeza F1. Ikifungua ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, bila kuuliza neno la siri, vizuri. Ikiuliza, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia laki. Hiyo ni mashine ya ofisi ambayo haikufunguliwa kabla ya kuuzwa na itakutesa. Nenda na flashi yenye programu ya CrystalDiskInfo, uone afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. Na uulize Waifai. Nyingi za hizi ziliishi ofisini kwenye waya wa mtandao, hazina kadi wala antena. Watu wanagundua wakishafika nyumbani.

Ndugu yangu Chuma_Mbeya, hoja ya umeme ni ya kweli na siibezi. Lakini mashine hii pamoja na skrini ya inchi 22 kwa kazi za mwalimu zinakula kama wati 40. UPS (boksi la betri ya akiba) ya kawaida ya 650VA ikiwa mpya inaibeba dakika 20 na zaidi, muda wa kutosha kuseva na kuzima kwa utulivu. Kwa LUKU, wati 40 kwa saa 5 kila siku ni uniti 6 kwa mwezi. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama 2,100. Na laptopu ya mtumba karibu kila mara inakuja na betri iliyochoka, unarudi pale pale mwalimu alipo sasa.

Sola_Mbozi

Naomba niitetee hiyo N100, maana ndiyo ninayotumia huku shambani. Ni prosesa ya mwaka 2023, kori 4, imepangiwa wati 6 tu. Kwa kuandika na kuangalia video haina shida yoyote. Sisi gridi haijafika kwetu, na adapta ya yangu ni ya volti 12, kwa hiyo naitoa moja kwa moja kwenye betri ya sola kupitia kifaa cha kutuliza volti. Usiiunge bila hicho kifaa, betri ikiwa inachajiwa inapanda mpaka juu ya 14. Mtu wa sola asipite bila kuifikiria.

Fundi_Ilala

Kwa mtu wa sola nakuunga mkono moja kwa moja. Kwa mwalimu mwenye TANESCO ninaogopa mambo mawili: nafasi ya RAM huwa ni moja, na jina lisilojulikana adapta yake au feni ikifa unabaki unapiga simu kwa mtu asiyepokea.

Mvita_Kaskazini

Salaam kutoka Mombasa. Nina neno juu ya ile TV. Dada yangu, usiifanye TV kuwa skrini ya kazi kabla hujatazama mwonekano wake. Nyingi za inchi 32 ni 1366 kwa 768, na ukikaa karibu nayo herufi za Excel zinakuwa na ukungu pembeni. Mimi nilijaribu miezi mitatu kwa hesabu za duka, nikawa nalala na kichwa kinaniuma. Nikatafuta monita ya inchi 22 iliyotumika, ya 1920 kwa 1080, na kichwa kikatulia wiki ile ile. TV iwachie watoto na katuni zao. M720q ina tundu la HDMI na la DisplayPort, waweza kuziunga zote mbili pamoja.

Jingine ni vumbi. Kwetu pwani kuna na chumvi juu yake. Ukiifunga nyuma ya skrini, hakikisha upande wenye matundu ya feni hauelekei ukutani. Na kwa kuwa umesema meza ni ya cherehani: nyuzi na manyoya ya vitambaa vyaingia kwenye feni haraka kuliko vumbi la barabarani. Shemeji yangu ni fundi nguo, yake tulikuta sufi imejaa mle kama mto.

Mwalimu_Kihonda

Nimewasoma wote, na nimemsomea baba watoto kwa sauti. Hilo la nyuzi sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Kaka Fundi, swali moja kabla sijapanda basi. Nikishakuwa na UPS, na bado ikatokea nimezimikiwa katikati ya alama, kuna namna ya kupoteza kidogo kuliko nilivyopoteza?

Fundi_Ilala

Ipo, mwalimu. Ndani ya Excel, fungua Options, sehemu ya Save. Utakuta AutoRecover imewekwa kila baada ya dakika 10. Weka 1. Kwa SSD hutaona hata inapofanya. Na jizoeze Ctrl na S kila ukimaliza mwanafunzi mmoja. Wahasibu waliozoea kukatikiwa umeme kidole chao kinaenda chenyewe.

Mwalimu_Kihonda

Narudi na majibu, maana wengine huuliza kisha wakapotea.

Nilienda Ijumaa. M720q ya kwanza waliyonitolea, nilibonyeza F1 ikaomba neno la siri. Kijana akasema "hiyo haina neno mama, wewe tumia tu." Nikairudisha. Ya pili ilifunguka vizuri, SSD ikaonyesha afya asilimia 94, RAM kipande kimoja cha 8GB. Nyuma hapakuwa na antena, na kweli Waifai haikuwepo. Nikasimama hapo hapo sikuondoka, wakanipa kifaa cha Waifai cha kuchomeka kwenye USB bila kuongeza bei. Nimelipa 425,000 na risiti ya EFD ninayo. Monita ya inchi 22 nimeipata kwa 130,000, UPS 85,000. Jumla 640,000, ile 10,000 iliyobaki ilikuwa nauli ya kurudi.

Cherehani nimeihamishia dirishani, kompyuta imepata kijimeza chake kona ya pili. Jana saa mbili usiku umeme ulikatika mtaa mzima, UPS ikaanza kulia. Binti alikuwa kwenye somo la kemia. Akaniita kwa utulivu kabisa, "Mama, njoo useve alama zako." Zilikuwa zimefika mwanafunzi wa 88. Tukaseva, tukazima, leo asubuhi nimeendelea na wa 89.