Sahihi isiyo sahihi: nililipia mkono wa mwandishi, nikapigiwa muhuri wa mpira

Ndugu wadau,

Jumamosi iliyopita niliondoka Muheza kwa kosta ya alfajiri kwenda Tanga mjini, kwa sababu duka moja dogo la vitabu lilikuwa limetangaza kwamba mwandishi wa riwaya, ambaye nimemsoma tangu nikiwa chuo cha ualimu, angekuwapo kuanzia saa tatu asubuhi kuzungumza na wasomaji na kutia sahihi vitabu vyake. Duka lenyewe ni chumba kimoja cha mtu binafsi na, kama yalivyo mengi mikoani, linaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari na kalamu, huku riwaya zikibanwa kwenye rafu moja ya nyuma. Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba kitabu cha shilingi 15,000 kingeuzwa 20,000 siku hiyo kwa kuwa kingekuwa na sahihi, sikubishana hata kidogo. Nilituma 60,000 kwa simu siku nne kabla, nikaagiza nakala tatu za kuwazawadia wanafunzi wangu wa kidato cha pili walioongoza katika Kiswahili.

Saa tatu ilifika, ikapita. Mwandishi aliletwa saa tano na robo, na kwa nilivyosikia kosa halikuwa lake, kwani alikuwa amezuiwa alikofikia ili aje pamoja na mgeni rasmi. (Mpaka leo sijajua kwa nini kutia sahihi kitabu kunahitaji mgeni rasmi.) Mheshimiwa huyo alizungumza kwa karibu dakika 50 kuhusu barabara, maji na bei ya mkonge; neno "riwaya" nililisikia kwake mara moja tu, naye alikuwa akikosea jina la riwaya iliyotukutanisha. Mwandishi alipewa dakika kumi. Alisoma ukurasa mmoja na nusu, taratibu, mpaka muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe pembeni yetu akaviweka chini na kusikiliza. Hapo tu ndipo nilipoona kwamba nauli yangu haikupotea.

Kisha wakubwa wakaenda kula, nasi tukabaki chini ya turubai. Saa nane na nusu tuliambiwa kwamba mzee amerejea kwa mlango wa nyuma, amechoka, na atasaini akiwa ndani. Dada wa dukani alikusanya vitabu vyetu akapita navyo nyuma ya pazia, na baada ya muda usiotosha hata kunywa chai vikarudi vyote, zaidi ya thelathini. Nilifurahi, nikavifunga kwenye gazeti bila kuvichunguza.

Jumatatu niliwakabidhi watoto zawadi zao. Waliviweka vitabu vitatu sambamba juu ya dawati, na mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, mbona mzee huyu hakosei hata kidogo?" Nilipoinama kutazama, niliona mkia wa herufi ya mwisho umekatika mahali palepale katika nakala zote tatu, na katika ya tatu sahihi imekaa upande, huku kona ya mpira ikiacha alama ya wino chini yake. Ulikuwa muhuri. Sikuwa na la kuwajibu.

Nilimpigia mwenye duka. Hakukana, alisema tu, "Sahihi ni sahihi, mwalimu, na mzee mwenyewe ameridhia." Ikiwa mzee aliridhia, kwa nini pazia? Kama tangazo lingesema kwamba vitabu vitapigwa muhuri, kila mtu angeamua mwenyewe kama muhuri huo una thamani ya shilingi 5,000. Tena haya yanafanyika Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mbele ya watu waliofunga safari kwa ajili ya mwandiko wa mtu.

Sina nia ya kulifunga duka la watu, kwa kuwa likifungwa sisi wa Muheza tutabaki kuagiza riwaya Dar es Salaam na kulipia mzigo. Ninachodai ni kwamba kila aliyelipa arudishiwe 5,000 yake, au vitabu vipelekwe kwa mwandishi kwa gharama ya duka avisaini kwa mkono wake. Ijumaa baada ya vipindi nitafika dukani na nakala zangu tatu na ujumbe wa malipo ulio kwenye simu. Mliokuwa chini ya turubai lile, fungueni vitabu vyenu muutazame huo mkia wa herufi ya mwisho, kisha tukutane huko saa kumi.