Mada: Faili la mikopo limeandikwa "frozen"

Zuhura, Minneapolis
Ndugu zangu, salaam. Ofisi ya mikopo ya magari imenirudishia fomu, eti faili langu ni "frozen". Nina deni? Na nani kaligandisha, maana mimi sikuomba? Wanataka jibu Ijumaa.

Baba Rehema, Columbus
Dada Zuhura, si deni wala adhabu. Ni kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe: yameganda chupani, lakini hata tone halijapungua. Alama zako za mkopo, zile wakopeshaji wanazokupimia, hazishuki. Ila mkopeshaji mpya halisomi faili mpaka ulifungue. Kampuni tatu hutunza mafaili haya: Equifax, Experian na TransUnion. Waulize hao wa magari wanasoma la nani. Ukifungua kwa mmoja, kwa wawili waliobaki bado limefungwa, na wengi hukwama hapo. Ukiomba kwa mtandao au simu, sheria inawapa muda wa saa 1 kulifungua. Kwa barua, siku 3 za kazi tangu waipokee. Taja tarehe ya kufungua na ya kufunga tena. Andaa dola 10 kwa kila kampuni. Bila hivyo hupati kazi wala nyumba ya kupanga.

Salum, Houston
Mzee wangu, kwa heshima, usimtishe. Ada ilifutwa nchi nzima tarehe 21 Septemba 2018. Na kazi, nyumba ya kupanga na bima hukaguliwa hata faili likiwa limefungwa. Dada, usibonyeze "lock" ukidhani ndiyo "freeze". "Lock" ni huduma ya kampuni, nyingine za kulipia kila mwezi. "Freeze" ni haki yako kisheria.

Bi Mwanaidi, London
Na hiyo "kugandisha" muiache. Mali huzuiwa, kinachoganda ni maji, damu na ruba. Waingereza ndio wanaogandisha kila kitu. Amri ya mahakama ya kuzuia mali hapa iliitwa Mareva, kutokana na kesi ya meli ya 1975, hadi kanuni za 1999 zikaiita "freezing injunction". Huko kwenu Rais Roosevelt alizuia mali za Norway na Denmark tarehe 10 Aprili 1940, siku moja baada ya Wajerumani kuvamia, ili wasizichukue. Kwa hiyo neno hili lina ulinzi ndani yake.

Zuhura
Asanteni sana. Wanasoma la Experian, nalifungua leo. Lakini nani alilifunga?

Baba Rehema
Salum, nimekubali, sheria imebadilika. Bi Mwanaidi, shikamoo, ila mafuta ya nazi yanaganda, tena chini ya nyuzi 24 tu.

Bi Mwanaidi
Marahaba. Ya mnazi, sawa. Yaweke chupa nzima kwenye maji ya vuguvugu, si jikoni motoni, yatapoteza harufu.