Mnaoamshwa na wasiwasi saa tisa usiku, tupeane uzoefu mnatulizaje

Wakuu, habari za jioni. Naanza na yangu.

Nina kaduka ka vipodozi Mbagala. Mwaka jana nilikopa kwenye kikoba nijaze mzigo, biashara ikalala. Marejesho ni Alhamisi, kwa hiyo kila Jumatano usiku nashtuka: moyo mbio, viganja vina jasho, midomo ina ganzi. Nikajua presha hii. Nikapimwa presha, sukari, mpaka moyo, vyote vizuri. Daktari akaniuliza, "Unadaiwa na nani?" Nikacheka, kisha nikalia palepale.

Alinifundisha kuvuta pumzi puani nikihesabu hadi 4, kuitoa taratibu hadi 7. Ile kuitoa polepole ndiyo inayoshusha mapigo. Na daftari: nikishafunga hesabu jioni naandika yanayonitisha, pembeni nitakachofanya kesho. Yakija usiku nayaambia, mmeshaandikwa, laleni. (Mume wangu anadhani nimerogwa.)

Nyie je? "Usijali" msiniandikie, nimeshaisikia sana.

—

Pole dada. Naendesha boda Morogoro. Mimi yangu ilikuwa kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, makopo matatu kwa siku. Mikono ikitetemeka nasingizia maisha. Sasa ikifika saa nane mchana sigusi tena, maana kafeini inakaa mwilini masaa mengi. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma balaa, ya pili nikalala. Maisha bado magumu.

—

Mwalimu, Tanga. Kwangu ni simu. Grupu la familia kila saa: mgonjwa, msiba, mchango. Siku hizi inalala sebuleni. Mama mkwe alinuna wiki mbili, akazoea.

—

Samahani, napingana kidogo. Pumzi hazilipi deni. Nilipumua miezi sita huku namkwepa mwenyekiti wa kikoba, napita uchochoroni kama mwizi. Siku niliyomfuata nikamwambia "sina, nipangieni upya", usiku uleule nililala mpaka jua likanikuta. Faini walinipiga.

—

Kweli, ila mimi sikudaiwa na mtu. Hofu tu, mpaka nikashindwa kupanda daladala iliyojaa. Nikatembea kila asubuhi, nikaswali, nikanywa mchaichai. Vilisaidia, havikutosha. Nikaenda kliniki ya afya ya akili, nimejitanda mtandio nisijulikane, benchini nikamkuta jirani yangu naye kajitanda. Sasa tunasindikizana.

—

Mwenye uzi narudi. Asanteni. Huyo wa uchochoroni kanigusa, maana hata mimi nina njia yangu ya nyuma. Kesho namfuata mwenyekiti. Ila mtu unaanzaje maongezi hayo bila kulia?

—

Lia tu, dada. Mimi nililia na faini elfu tano wakachukua.